Jinsi ya kuitambua na kuifufua simu ya vitufe ya zamani

Mtu yeyote anayeniletea simu ya mezani ya zamani ninamwomba jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba asiifute vumbi. Vumbi jekundu la Lubumbashi halina madhara likikaa siku mbili zaidi juu ya gamba la simu, lakini kitambaa chenye maji au spiriti kinaweza kufuta kwa dakika moja mhuri wa wino uliogongwa kiwandani miaka sitini iliyopita, na mara nyingi mhuri huo ndio unaotofautisha simu ya kawaida na simu ambayo hutaipata tena. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule aliyekuta simu ya vitufe katika kabati la nyumba ya zamani huko Makomeno, au katikati ya vikorokoro vya soko la Kenya, yaani mtaa wa Kenya wa hapa hapa Lubumbashi, akaona kwamba haifanani na simu nyingine, na sasa anataka kujua ni simu gani na kama inaweza kusema tena.

Mfano nitakaourudia mara kwa mara ni simu ya kijivu niliyoinunua katika soko hilo. Safu yake ya chini ilikuwa na sifuri peke yake, na kushoto na kulia kwa sifuri hapakuwa na kitu. Muuzaji aliipunguza bei kwa sababu aliamini kwamba vitufe viwili vimeng'oka. "Papa, meno mawili yamekwisha kutoka," aliniambia. Havikuwa vimeng'oka. Simu hiyo haikuwahi kuwa navyo, na pengo hilo ndilo lililoniambia umri wake.

Hatua ya kwanza: andika yote unayoyaona

Iweke simu juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha, uipige picha pande zote sita. Kisha igeuze na usome sehemu ya chini kwa tochi iliyoshikwa upande, kwa sababu maandishi yaliyofinyangwa ndani ya plastiki huonekana vizuri zaidi mwanga ukija kwa mshazari. Andika kila neno na kila tarakimu kama ilivyo, hata ile ambayo haina maana kwako. Neno dogo kama alama ya shirika la posta la nchi fulani hukuambia simu ilitengenezwa kwa ajili ya mtandao gani, na hilo ni muhimu kuliko jina la kiwanda, maana kiwanda kimoja kiliweza kutengeneza simu za nchi nyingi.

Fungua vifuniko viwili vya mkonga, ule wa kusikilizia na ule wa kuongelea, kwa kuvizungusha kwa mkono. Vikigoma, vifunge kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mkono upate mshiko, usitumie koleo. Ndani yake utakuta vidude viwili vya mviringo, na nyuma yake mara nyingi pana tarehe. Katika simu za Marekani tarehe huandikwa kwa mwezi na mwaka, kwa mfano 11-64, na tarehe hiyo hurudiwa chini ya simu, ndani ya gamba, juu ya kengele na juu ya kibao cha vitufe. Tarehe zote zikikaribiana, simu imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Zikitofautiana kwa miaka mingi, jua kwamba mafundi wa kampuni ya simu waliwahi kuikarabati kwa sehemu za simu nyingine, jambo lililokuwa la kawaida kabisa zama zile ambapo simu ilikuwa mali ya kampuni na mteja aliikodi tu. Simu yangu ilikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyofinyangwa chini yake, yakisema kwamba ni mali ya Bell System, kundi la kampuni za simu la Marekani, na haiuzwi.

Usisahau karatasi ndogo iliyo chini ya plastiki inayopitisha mwanga, mahali ambapo namba ya simu yenyewe iliandikwa. Namba ya tarakimu tatu au nne huonyesha kwamba simu ilifanya kazi nyuma ya sentrali ya ndani ya kampuni, yaani mtambo wa kuunganisha simu za ofisi zake, wala si moja kwa moja katika mtandao wa mji. Katika mji huu, ambako migodi na reli zilihitaji mawasiliano yao wenyewe, simu za namna hiyo ni nyingi. Karatasi hiyo usiitoe. Wino wake wa zamani hauvumilii vidole vyenye jasho.

Hatua ya pili: hesabu vitufe

Simu za vitufe zinazotuma toni ziliingia sokoni rasmi nchini Marekani tarehe 18 Novemba 1963, katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Simu ya mezani ya wakati huo, iliyotengenezwa na Western Electric, kiwanda cha Bell System, na kuitwa 1500, ilikuwa na vitufe kumi tu. Nyota na alama ya reli viliongezwa katika modeli ya 2500 iliyotokea mwaka 1968. Kwa hiyo simu ya Western Electric yenye vitufe kumi ilitoka katika dirisha fupi la miaka mitano hivi, na ndiyo sababu niliichukua ile ya sokoni bila kujadiliana sana. Herufi zake pia zinashuhudia, kwa kuwa hazina Q wala Z, kitufe cha 1 hakina herufi hata moja, na chini ya sifuri pana neno la kumwita opereta.

Ukikuta vitufe kumi na sita, yaani safu nne za vinne, umeshika kitu cha nadra zaidi. Nguzo ya nne, yaani mstari wa wima wa kulia, ilitumika katika AUTOVON, mtandao wa simu wa jeshi la Marekani, ambako vitufe hivyo viliandikwa FO, F, I na P na vilimpa afisa mkubwa uwezo wa kukata mazungumzo ya mdogo wake ili apate njia. Ukikuta badala yake mstari mmoja wa vitufe vya plastiki angavu vyenye taa ndani, pamoja na kebo nene kama kidole yenye nyaya hamsini, hiyo ni simu ya ofisi ya laini nyingi. Bila mtambo wake mkubwa, laini ya kwanza tu ndiyo inayoweza kufanyiwa kazi kwa urahisi, kupitia jozi ya waya mweupe wenye mstari wa buluu na wa buluu wenye mstari mweupe.

Kuwa mwangalifu na simu za Ulaya. Huko kulikuwa na simu za vitufe ambazo hazikutuma toni hata moja, kwa sababu vituo vya simu vilikuwa bado vinaelewa mapigo ya kisahani cha kuzungusha namba, na kwa hiyo kibao cha vitufe kilikuwa kinaiga mapigo hayo. Simu kama hiyo inaweza kuwa na vitufe kumi, au kumi na viwili huku viwili vya pembeni vikiwa vya kurudia namba ya mwisho. Kitufe cha pekee kisichokuwa na namba, kilichowekwa kando, aghalabu ni cha sentrali, nacho huunganisha laini na ardhi au huikata kwa sehemu ya sekunde ili opereta au simu nyingine ipokee mazungumzo. Plagi nayo ni shahidi. Ile pana ya Kifaransa yenye umbo la herufi T haifanani na nyingine yoyote, na ile bapa ya Uingereza yenye kishikizo ubavuni ilianza kutumika mwaka 1981, hivyo simu iliyozaliwa nayo si ya kabla ya hapo.

Jambo moja dogo linanivutia kila mara ninapohesabu. Mpangilio wa 1, 2, 3 katika safu ya juu, ambao leo umo katika kila simu ya mkononi, ulichaguliwa baada ya majaribio ya Bell Labs, maabara ya utafiti ya Bell System, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960, wakati mashine za kuhesabia ziliweka 7, 8, 9 juu. Simu yenye 7, 8, 9 juu inastahili kupigwa picha mara mbili.

Hatua ya tatu: jua kama inatuma toni au mapigo

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu simu nzuri, kwa sababu wanaiunganisha na kifaa kisichoelewa lugha yake, wanaona haipigi, kisha wanaanza kung'oa vitu ambavyo havikuwa na ubovu. Ijaribu kwanza peke yake mezani.

Unahitaji volti 24 za umeme mnyoofu, ambazo utazipata kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 zinazotumika katika vifaa vya jua, ukiunganisha chanya ya moja na hasi ya nyingine. Weka rizista ya omu 680 yenye uwezo wa wati 2 katika mstari mmoja na simu, pamoja na mita ya umeme ya mshale iliyowekwa kwenye kipimo cha miliampea 100. Kabla ya kuunganisha betri, pima ukinzani wa simu kwa mita. Mkonga ukiwa chini, mita isionyeshe njia yoyote, na mkonga ukiinuliwa ionyeshe omu mia moja hadi mia tatu hivi. Ikiwa kuna njia wakati mkonga uko chini, swichi ya kitako, ile inayobonyezwa na mkonga ukiwekwa chini, imekwama au kapasita ya kengele inavuja, na hilo lishughulikiwe kwanza.

Unganisha betri, inua mkonga, na utaona mshale ukisimama karibu na miliampea 27. Puliza taratibu katika kipaza sauti. Ukijisikia mwenyewe sikioni, nusu ya kazi imekwisha. Sasa bonyeza 5. Ikiwa mshale unatetemeka na sikioni unasikia tik mara tano, hiyo ni simu ya mapigo. Mwendo wa kawaida ni mapigo kumi kwa sekunde, na sifuri hutoa mapigo kumi, ingawa Sweden waliipa sifuri pigo moja tu na New Zealand waliigeuza hesabu yote, jambo la kukumbuka ikiwa simu yako inatoa idadi usiyoitarajia. Ikiwa badala ya mapigo unasikia sauti mbili zilizounganika kama filimbi, hiyo ni simu ya toni.

Na usiposikia chochote? Usikate tamaa na usishike bisibisi bado. Badilisha nyaya mbili za laini, uliyokuwa kwenye chanya uwe kwenye hasi. Simu za toni za mwanzo za Marekani zilitumia transista moja isiyokuwa na kinga ya upande wa umeme, na kwa hiyo zinasikiliza na kuongea vizuri huku vitufe vikiwa kimya kabisa endapo chanya na hasi zimepishana. Waya wa kijani ndio wa chanya, mwekundu ndio wa hasi. Simu yangu ilikaa juma zima nikiamini kwamba kibao chake kimekufa, nami nilikuwa nimekwisha anza kutafuta kingine, hadi nilipopindua nyaya mbili hizo na toni ya kwanza ikatoka safi.

Kwa simu ya toni, kila kitufe hutoa masafa mawili kwa pamoja. Safu ya 1, 2, 3 hutoa hezi 697. Ya 4, 5, 6 hutoa 770. Ya 7, 8, 9 hutoa 852. Na ya sifuri hutoa 941. Nguzo ya kushoto hutoa 1209, ya kati 1336, ya kulia 1477, na ile ya nne ya kijeshi 1633. Programu yoyote ya simu ya mkononi inayoonyesha masafa ya sauti itakusomea namba hizo ukiiweka karibu na sikio la mkonga, na tofauti isizidi asilimia 1.5. Ujuzi huu unakupeleka moja kwa moja kwenye ubovu. Ikiwa 3, 6 na 9 hazitoi toni kamili lakini nyingine zinatoa, tatizo liko katika kigusano cha nguzo ya kulia. Ikiwa ni 7, 8 na 9, liko katika safu ya tatu. Katika vibao vya zamani vya Western Electric unaweza pia kubonyeza vitufe viwili vya safu moja kwa wakati mmoja, kwa mfano 4 na 5, na ukasikia masafa ya safu peke yake. Bonyeza 1 na 4 pamoja, na utasikia ya nguzo peke yake. Ni njia nzuri ya kuyachunguza masafa yote saba moja baada ya jingine.

Hatua ya nne: fungua na usafishe ndani

Skurubu mbili za chini, ambazo hapa kwetu tunaziita visi, ndizo zinazoshika gamba katika simu nyingi. Tumia bisibisi inayojaa mfuo wake barabara, kwa sababu skurubu laini iliyoliwa kichwa itakugharimu siku nzima. Gamba likiinuka, simama hapo na upige picha za kila waya na herufi ya mahali ulipofungwa. Simu za Marekani zina kisanduku kilichofungwa chenye herufi kama L1, L2, R, C, K, RR na F. Humo ndani mna transfoma na kapasita, na kisanduku hicho hakifunguliwi.

Katika mji wetu utakayoyakuta ndani yanajulikana: vumbi jekundu jembamba kama unga wa muhogo, maganda ya mayai ya mende, na mara nyingine kiota cha udongo cha nyigu kilichojengwa kati ya vikombe viwili vya kengele. Kiota kikaukie kabisa, kisha kivunje kwa kijiti cha mbao. Ukikilowesha utakuwa umefanya tope litakaloingia katika kila mfereji. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, ukishika kinywa cha mashine ya kuvutia vumbi umbali wa kiganja kimoja. Hewa ya kompresa ya mafundi wa magari usiitumie, kwa sababu ina mafuta na maji ndani yake, na nguvu yake inatosha kukunja vyuma vyembamba vya swichi.

Baadhi ya simu za mapigo za miaka ya 1970 zilibeba betri ndogo za nikeli na kadimiamu. Ukiona unga mweupe au wa kijani karibu nazo, zikate uzitoe, kisha upake mahali hapo siki kidogo kwa kijiti cha pamba, kwa kuwa kinachovuja ni alkali na siki huituliza. Baada ya hapo futa kwa maji yaliyochujwa na umalizie kwa spiriti. Kadimiamu ni sumu. Vaa glavu, na betri hizo usizitupe katika shimo la takataka la nyumbani.

Hatua ya tano: vigusano vya vitufe na vya kitako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorudisha uhai kwa simu nyingi bila kununua sehemu hata moja. Vigusano ni ncha ndogo za madini zinazokutana kitufe kinapobonyezwa au mkonga unapoinuliwa, na katika simu nzuri ncha hizo zilitengenezwa kwa fedha au mchanganyiko wake. Fedha hushambuliwa na salfa iliyomo hewani na kujivika tabaka jeusi lisilopitisha umeme vizuri. Lubumbashi ilikua kando ya tanuru la kuyeyushia shaba lililoanza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulipita juu ya paa zetu; simu zilizokaa humu miaka hiyo huwa na vigusano vyeusi kuliko zile za mahali pengine, nami sizishangai tena.

Msasa ni adui. Unaondoa tabaka jeusi, naam, lakini unaondoa pia fedha yenyewe na kuacha mikwaruzo ambamo uchafu mpya utakaa. Chukua kadi ngumu nyeupe isiyokuwa na nta, kama ile ya mialiko ya harusi, uikate kipande chembamba, uilowanishe kwa spiriti ya famasi ya digrii 90, uipitishe kati ya ncha mbili, ubonyeze ncha zikutane kwa upole juu ya kadi, kisha uivute. Kadi itatoka na mstari mweusi. Rudia kwa kipande kipya mpaka itoke nyeupe, na umalizie kwa kipande kikavu. Vigusano vya swichi ya kitako viko wazi na kazi yake ni ya dakika kumi, wakati vile vya kibao cha vitufe vimejificha chini ya fremu ya nondo nyembamba, na huko uvumilivu ni sharti.

Kibao cha Western Electric usikivunje vipande. Kimejaa springi ndogo sana, na koili zake mbili ziliwekwa sawa kiwandani ili zitoe masafa yale yale niliyoyataja. Ukizungusha kiini cha koili hata kidogo, simu itatoa sauti tamu ambayo hakuna mtambo utakaoielewa. Fanya kazi kutoka pembeni, kwa mwanga mkali na kibano.

Simu za miaka ya 1980 ni jambo jingine. Chini ya vitufe vyake mna zulia la mpira lenye vidonge vyeusi vya kaboni vinavyogusa bodi ya saketi. Futa vidonge kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo tu, na njia za shaba za bodi vivyo hivyo. Kidonge kilichochoka kinaweza kusaidiwa kwa kupaka grafiti ya penseli laini, ingawa msaada huo si wa kudumu.

Hatua ya sita: mkonga na kamba yake

Kipaza sauti cha zamani kina punje za kaboni ndani yake, na punje hizo zikikaa miaka mingi bila kutikiswa hushikana, hasa zikipata unyevu wa masika. Kitoe, kishike wima, na kigonge mara chache juu ya kiganja, si juu ya meza. Kiache siku mbili mahali pakavu ndani ya bakuli la mchele. Sauti ikibaki hafifu yenye mkwaruzo, unaweza kuweka kipaza cha aina mpya kilichotengenezwa kwa ukubwa uleule, lakini kile cha asili kihifadhi katika mfuko pamoja na simu.

Kamba za mkonga zina siri inayowashangaza mafundi wa redio. Ndani ya kila waya hamna shaba nene. Mna utepe mwembamba wa madini uliozungushwa juu ya nyuzi za nguo, ili kamba ivumilie kukunjwa maelfu ya mara. Utepe huo haukubali kulehemiwa. Ukikatika karibu na ncha, kata kamba, chuna upya, kunja nyuzi juu ya kifuniko chake na ubane kwa kichwa kidogo cha shaba.

Hatua ya saba: kengele

Kengele ya vikombe viwili haihitaji umeme mnyoofu. Inaitwa na umeme wa kupishana wa volti 75 hadi 90, hezi 20 kwa simu za Marekani na 25 kwa nyingi za Ulaya. Umeme huo unauma, kwa hiyo usishike nyaya tupu za laini wakati simu inaweza kuitwa. Hakikisha nyundo inacheza bila kukwama na kwamba gurudumu la sauti lililo chini ya simu halijasukumwa hadi kwenye ukimya. Simu ya Uingereza iliyotengenezwa kwa plagi ya mwaka 1981 na kuendelea haitalia ukiiunganisha kwa nyaya mbili tu, kwa sababu kapasita yake ya kengele ilikuwa ndani ya soketi ya ukutani. Ongeza kapasita ya maikrofaradi 1.8 inayovumilia volti 250 kati ya waya mmoja wa laini na waya wa kengele.

Hatua ya nane: gamba na rangi

Osha gamba likiwa tupu, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, baada ya kufunika kwa mkanda kila mhuri na lebo. Vitufe vichunguze kwanza kwa lenzi. Ikiwa namba imefinyangwa kwa plastiki ya rangi nyingine inayopita hadi ndani, haitafutika kamwe, lakini ikiwa imechapwa juu tu, spiriti itaiondoa mara moja. Plastiki angavu nayo usiiguse kwa spiriti wala kwa asetoni, kwani hupasuka nyufa ndogo zisizotibika. Mikwaruzo midogo inaondoka kwa dawa ya kung'arishia rangi ya magari, ukiisugua kwa mkono na si kwa mashine.

Wengi huniuliza kuhusu umanjano wa plastiki ya kijivu na nyeupe. Inawezekana kuupunguza kwa krimu ya oksijeni ya saluni za nywele, ile ya volumi 40 ambayo ni asilimia 12, ukiipaka sawasawa, ukifunika kwa plastiki ya jikoni na kuiacha juani huku ukiigeuza kila nusu saa. Jua letu la kiangazi lina nguvu ya kutosha, na kwa kweli limezidi, kwa sababu krimu ikikauka mahali pamoja huacha madoa meupe kama mawingu ambayo hayaondoki. Umanjano wenyewe unaweza kurudi baada ya muda. Kwa simu ya kawaida, jaribu ukitaka. Kwa simu ya nadra, ushauri wangu ni kuuacha umanjano wake.

Hatua ya tisa: ipe laini

Nyumba nyingi za Lubumbashi hazina tena waya wa simu unaotoa mlio. Zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kisanduku cha kadi ya SIM chenye tundu la simu ya mezani, ambacho hutoa mlio na umeme wa kengele kana kwamba ni kituo cha simu. Ya pili ni adapta ya simu za intaneti. Vyote viwili huelewa toni, lakini vichache tu huelewa mapigo, hivyo soma maelezo yake kabla ya kulipa ikiwa simu yako ni ya mapigo. Wakati wa radi za masika, ng'oa waya wa umeme na ule wa antena ya nje.

Ya tatu haihitaji mtandao wowote. Unganisha simu mbili katika mstari mmoja na betri zile za volti 24 na rizista ya omu 470 ya wati 1, na watu wawili wataongea kutoka chumba hadi chumba, au kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ya uani, kwa sauti nzito na ya karibu ambayo simu za mkononi hazina. Kengele haitalia katika mpango huu. Mtu aitwe kwa njia nyingine.

Mwenye simu ya vitufe kumi akumbuke jambo moja anapoiunganisha na kisanduku cha SIM. Namba za kuulizia salio na kuongeza vifurushi huanza na nyota na kuishia na alama ya reli, na simu yake haina vitufe hivyo. Weka ndani ya tundu la pili la kisanduku simu ya kawaida ya vitufe kumi na viwili, au toa kadi uiweke katika simu ya mkononi kila unapoongeza salio. Mimi nimechagua njia ya pili, na kadi ikirudi kisandukuni, simu ya kijivu hupiga kwa vitufe vyake kumi.